Maji ya Mwanza hayafiki nyuzi 100: mlinganyo mmoja, sufuria moja

Mwaka wa kwanza nilikariri milinganyo ya thamodainamiki (elimu ya joto na nishati) kama kaswida, nikaambulia sapu, yaani mtihani wa marudio. Siku hizi nawaelekeza wadogo zangu wa chuo hapa Nyegezi, Mwanza, na huwa tunaanza na sufuria.

Hatua ya 1: Bashiri. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kanieneo yake ni kama kilopaskali 89 badala ya 101.3. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ya hewa. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi moja. Andika pembeni: 96.

Hatua ya 2: Usome kwa maneno mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, unaounganisha kanieneo na halijoto ya kuchemka.

ln(P₂/P₁) = −(ΔH/R)(1/T₂ − 1/T₁)

P ni kanieneo, T ni halijoto ya kuchemka kwa kelvini (nyuzi jumlisha 273.15). Namba 1 ni usawa wa bahari, ambako nyuzi 100 ni kelvini 373.15; namba 2 ni hapa kwetu. ΔH ni nishati ya kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke, kilojuli 40.7 hivi. R, namba isiyobadilika ya gesi, ni juli 8.314 kwa moli kwa kelvini.

Hatua ya 3: Vizio. Wengi huzama hapa. R iko kwenye juli, kwa hiyo ΔH iwe 40,700. Gawanya kwa R: 4,895. Logi asilia ya 89/101.3 ni −0.1295. Basi 1/T₂ = 1/373.15 + 0.1295/4,895. T₂ inakuja kelvini 369.5, yaani nyuzi 96.4 hivi.

Hatua ya 4: Kosea makusudi. Weka 40.7 bila kubadilisha: kelvini 34! Maji yachemke kwenye baridi ya −239? Kosa hilo linajitangaza lenyewe. Sasa rudisha 40,700, ila weka 100 mahali pa 373.15. Unapata 99.7. Hili ndilo linalomaliza watu kwenye mtihani, maana jibu limevaa vizuri na liko chini ya 100. Bila ile 96 ya pembeni ungelikabidhi kwa msimamizi ukitabasamu.

Hatua ya 5: Pima. Themometa ya maabara, isiguse kitako cha sufuria. Yetu ilisimama kwenye 96, ikagoma kupanda hata tulipoongeza mkaa na kupepea. Binti mmoja akauliza, "Kaka, sasa moto wote huu unaenda wapi?"

Nikamrudisha hatua ya 2, kwenye ΔH.