Kabla hamjafunga mabegi ya likizo, kaeni chini kwanza

Naandika kwa wazazi wenzangu tunaomcha Mungu na tuna watoto wadogo, maana sisi ndio mabingwa wa kuombea safari halafu tunaamini mipango itajipanga yenyewe. Haijipangi.

Hela: pangeni wote wawili, sadaka na ada za watoto zitoke kwanza, na msikope kwa ajili ya likizo, basi. Pasipoti za watoto angalia mapema kama mnavuka mpaka, nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele, na kama mzazi mmoja ndio anasafiri na watoto abebe barua ya mwenzake ya kuridhia. Dawa ya homa bebeni, pakiti za chumvi na sukari (ORS) za mtoto anayeharisha pia, zikiisha changanyeni wenyewe lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe flati sio vya mlima.

Usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku ukijumlisha na za mchana, wa 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12, sasa hiyo ibada ya alfajiri unayotaka kuwakurupushia hukohuko likizo unamwamshia nani? Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika alimwamsha ale, akala, akalala tena. Hakupewa semina.

Kwenye maji, mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo awepo mtu mzima mmoja mwenye zamu, simu mfukoni, macho kwa watoto. Sio "wote tunawaangalia". Hiyo ya kudhani yuko na wenzake ndio iliyowapata Yusufu na Mariamu, Luka 2, mwendo wa kutwa nzima wanajua yumo msafarani, wakaja kumpata baada ya siku 3, na huyo alikuwa na miaka 12 na alikuwa Yesu. Wa kwako ana minne na anafuata kila paka anayepita.

Haya, sasa lililoniunguza mimi. Tulikodi nyumba yenye jiko ili kubana matumizi, wazo langu, nilijipongeza sana. Asubuhi ya pili nimekaa na watoto barazani nimefungua Kutoka 20, nasoma kwa sauti ya kichungaji kabisa, siku ya saba usifanye kazi yoyote, wewe wala mwana wako wala binti yako, mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufuga, mpaka mgeni. Binti yangu wa miaka 7 akaniuliza, "Baba, mbona mama hajatajwa?"

Nikacheka, nikaanza kumwelewesha kwamba mama yumo kwenye lile neno "wewe", na wakati naeleza kule ndani sufuria inakwanguliwa kwarakwara. Kukawa kimya. Mke wangu akatoka, kitambaa cha vyombo begani, povu mpaka kwenye viwiko, hakufoka hata kidogo, akasema tu, "Baba watoto, nyie mmekuja likizo, mimi nimehamishwa kituo." Akarudi ndani.

Nikataka kujitetea kwamba mimi nimeendesha gari siku nzima, ila nikajiuliza tangu tufike amekaa chini kula na sisi mara ngapi. Hata mara moja! Kwenye Marko 6 wanafunzi walikuwa hawapati hata nafasi ya kula, ndio Yesu akawaambia njoni mkapumzike kidogo, mimi nimemchukua mtu wa hali hiyohiyo nikamsafirisha nayo.

Siku hizi kabla ya begi kuguswa tunakaa na karatasi, tunaandika kila kazi: nani anapika, nani anaosha, nani anaogesha, nani anaamka usiku, nani anakumbuka kwamba wa mwisho halali bila shuka lake lile lililochanika. (Hiyo kazi sikujua hata kama ipo.) Halafu tunagawana, mwenye miaka 7 vikombe anaviweza vizuri tu, na kila siku kuna masaa ambayo mama hatafutwi, hata kama soksi imepotea.

Kama una wadhifa kanisani kabidhi kwa mtu kabla hujaondoka, na mnakokwenda msitangaze, hata wale wa Marko 6 watu waliwaona wakiondoka wakawatangulia kwa miguu. Picha rusheni mkisharudi, wezi nao wanapenda kujua nani hayupo. Jumapili tafuteni kanisa la jirani, kaeni nyuma, na ukiombwa kama mgeni utoe neno, salimia ukae.

Rudini siku moja kabla ya kazi na shule, nguo chafu za safari ni zamu ya baba. Gesi ifungwe, pasi ichomolewe, ufunguo mpeni mtu mnayemwamini sio kuuficha chini ya zulia, mtoto asipakatwe kiti cha mbele, dereva akisinzia simameni alale, hata kama mnachelewa, na kabla gari halijaondoka hesabuni watoto, kwa kuwagusa kichwani, sio kwa macho.