Jinsi ya Kupata Vigawo vya 720,720

Mfanyabiashara wa Tanga anayetaka kupanga nazi 720,720 katika mafungu yaliyo sawa asianze kugawa kwa kubahatisha, bali aivunje kwanza namba hiyo iwe 720 × 1,001. Sehemu ya pili ndiyo tamu, kwani 1,001 ni 7 × 11 × 13, zote namba tasa. 720 nayo ni 2⁴ × 3² × 5. Kisha, ili ajue idadi ya vigawo, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, aongeze 1 kwenye kila kipeo, ile namba ndogo ya juu (kisichoandikwa huhesabiwa kuwa 1), na kuzidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 240. 720,720 ndiyo namba nzima chanya iliyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Akijaribu mafungu 17, zitabaki nazi 5.