Somo: kuchagua simu ya picha na mziki bila kupigwa dukani

Habari zenu wote, Desemba hiyo inakuja na huku Moshi mnajua inavyokuwa, watu wanarudi nyumbani, kipaimara huku harusi kule, kila mtu anataka simu ya picha nzuri, sasa naomba niwaelekeze nilichojifunza maana mimi nimeshaumia.

KWANZA achana na megapikseli, ile namba ya wingi wa vinukta vya picha (pikseli). Muuzaji atakwambia hii 50 ile 108, wewe muulize ukubwa wa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na kama ina OIS, yaani lenzi inayojituliza mkono ukitetemeka. Simu nyingi za 50 zinaunganisha pikseli nne kuwa moja picha inatoka ya 12 tu, na sio vibaya, ndo zinavyokusanya mwanga usiku. Vile vikamera vya megapikseli 2 pembeni visikuzuzue.

PILI ijaribu palepale. Nenda kwenye kona yenye giza ya duka, piga picha mtu mweusi kama sisi aliyevaa shati jeupe, halafu kuza picha uangalie nywele na kola. Uso ukiwa rojorojo kama uji na shati limebaki weupe mtupu bila hata mkunjo, rudisha. Mziki nao weka wimbo unaoujua mpaka pale msanii anapovuta pumzi, ziba tundu la spika la chini kwa kidole, sauti ikipotea kabisa ujue spika ni moja. Na angalia tundu la hedifoni lipo, siku hizi wanaliondoa.

TATU bonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, ifanane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usubiri jibu. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa, usicheze.

NNE, memori kadi. Nilinunua ya GB 128 kwa bei ya kutupa, nikapiga kipaimara cha mtoto wa dada yangu siku nzima. Kufika nyumbani za kanisani zinafunguka, za ukumbini zote kijivu kitupu, na humo ndo alikuwemo bibi akimlisha mtoto keki. Bibi hatunaye tena. Kadi feki inadanganya ukubwa, ikijaa inapokea tu na haihifadhi. Kwa hiyo ukinunua ijaze mafaili mpaka mwisho, halafu fungua yale ya mwisho mwisho, ndo uiamini.

TANO kupiga picha. Futa lenzi kwanza, jasho na mafuta ya mkono ndo ukungu wenu huo. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha vuta mwanga juu au chini. Usikuze kwa vidole, sogea kwa miguu. Mlima Kilimanjaro upige asubuhi kabla ya saa mbili, mawingu yakishapanda kilele cha Kibo ndo basi tena.

MASWALI

Mangi, memori ya GB 64 inatosha?
Kwa mziki sana tu, wimbo wa dakika nne wa MP3 ya ubora wa 320 kbps ni kama MB 10, nyimbo elfu ni GB 10 hivi. Video ndo zinakula, kama unapiga sherehe chukua 128.

Kaka mimi niko Arusha, picha zangu nikituma WhatsApp zinafifia, simu mbovu?
Hapana dada, WhatsApp yenyewe inazibana. Tuma kama dokumenti, zinafika kama ulivyopiga.

Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, napanda na wageni, kule juu simu inazima na chaji ipo asilimia 40.
Baridi hiyo mkuu, betri ikipoa inashindwa kutoa umeme, haijafa. Ilaze mfuko wa ndani karibu na mwili, zima mtandao, usiku lala nayo ndani ya begi la kulalia. Ikizima ipashe joto kwapani kwanza, usiikimbize kwenye moto.