Kuongeza nafasi kwenye Raspberry Pi: kwanza kadi, kisha diski ya nje

Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) ninayoihudumia iko kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Inawapa wanafunzi Wikipedia na vitabu bila intaneti, kupitia programu ya Kiwix. Tulianza na kadi ya kumbukumbu (microSD) ya gigabaiti 16, na haikuchukua muda ikajaa. Hapa naeleza nilivyoipanua, pamoja na kosa moja lililonigharimu siku mbili za kazi.

Kabla ya yote, chukua bekapu ya kadi nzima kwenye kompyuta nyingine. Usiruke hapa hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Jua kilichojaa

```
df -h /
lsblk
```

Kadi huonekana kama `mmcblk0`. Ndani yake kuna partisheni (vigawanyo vya kadi) mbili: `mmcblk0p1`, ndogo, yenye faili za kuwashia, na `mmcblk0p2` iliyobeba mfumo wote. Linganisha ukubwa. Kama `mmcblk0` ni 59G lakini `mmcblk0p2` ni 14G tu, basi nafasi unayo tayari, ila bado haijagawiwa. Hali hii huwapata wanaonakili kadi ndogo nzima kwenda kadi kubwa. (Kadi ya 64 ikisoma 59G hujapunjwa: watengenezaji huhesabu kwa elfu, `lsblk` huhesabu kwa 1024.)

Kama partisheni imeshaenea kadi nzima, tazama nani mlaji:

```
sudo du -xh --max-depth=2 / | sort -h | tail -20
sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M
```

Hatua ya 2: Tanua partisheni

Raspberry Pi OS hujitanua yenyewe inapowashwa mara ya kwanza kabisa. Kadi iliyonakiliwa ilishapita hapo, kwa hiyo iamuru:

```
sudo raspi-config --expand-rootfs
sudo reboot
```

Ikirudi, `df -h /` itaonyesha ukubwa mpya. Kwa kazi nyingi ndogo hapa panatosha. Kwangu hapakutosha.

Hatua ya 3: Andaa diski ya nje

Mfumo niliuacha kwenye kadi, data inayokua nikaihamishia kwenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya USB. Kadi haipendi kuandikwa kutwa nzima, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika. Data ikikaa kwenye diski yake, kadi ikifa utabadilisha kadi tu.

Chomeka SSD kwenye tundu la bluu, ambalo ni USB 3.0. Matundu yote manne ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 kwa jumla, kwa hiyo diski kubwa ya kuzunguka huhitaji umeme wake yenyewe. Hakikisha chaja inatosha:

```
vcgencmd get_throttled
```

Jibu la `throttled=0x0` ni salama. Ukipata `0x50000`, umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe. Badilisha chaja kwanza.

Sasa rudia `lsblk` na usome jina la diski mara mbili, kwa sababu amri zifuatazo zinafuta kila kitu. Yangu ni `sda`:

```
sudo parted /dev/sda --script mklabel gpt mkpart data ext4 0% 100%
sudo mkfs.ext4 -L maktaba -m 0 /dev/sda1
```

Kwa kawaida ext4 (mfumo wa kupanga faili kwenye diski) humwekea akiba mtumiaji mkuu (root) asilimia 5 ya nafasi. Kwenye diski ya gigabaiti 500 hizo ni 25. Diski ya data tu haina haja nayo, ndiyo maana ya `-m 0`.

Hatua ya 4: Pachika diski, na ulifunge folda

```
sudo mkdir /srv/maktaba
sudo chattr +i /srv/maktaba
sudo blkid /dev/sda1
```

Nakili UUID (namba ya utambulisho ya diski) uliyopewa, fungua `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachikwa, yaani kuunganishwa na folda, Pi inapowaka) kwa `sudo nano`, uongeze mstari huu:

```
UUID=weka-yako-hapa /srv/maktaba ext4 defaults,noatime,nofail 0 2
```

Tumia UUID, kwani `sda` ya leo inaweza kuwa `sdb` kesho ukichomeka flashi. Neno `nofail` huiruhusu Pi iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Bila hilo itakwama, na Pi isiyo na skrini utaiona imenyamaza tu.

Hapa ndipo nilipoumia. Mwanzoni sikuwa na ule mstari wa `chattr`. Waya wa diski ulilegea, umeme ukakatika ukarudi, Pi ikawaka vizuri bila diski. Usiku programu yangu ya kunakili ikaandika vitabu ndani ya folda tupu la `/srv/maktaba`, yaani kwenye kadi, hadi ikajaa. Niliporudisha waya, diski ililifunika folda hilo: kadi imejaa, lakini faili hazionekani popote. Nilizipata hivi:

```
sudo mount --bind / /mnt
sudo du -sh /mnt/srv/maktaba
sudo umount /mnt
```

Kwa `chattr +i`, folda tupu hukataa kuandikwa hata na mtumiaji mkuu. Diski ikishapachikwa, unaandika kama kawaida.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
findmnt /srv/maktaba
```

Hatua ya 5: Hamisha data

```
sudo rsync -a --info=progress2 /home/pi/zim/ /srv/maktaba/
```

(`/home/pi/zim/` ndipo vitabu vya Kiwix vilipokuwa kwangu.) Kisha elekeza Kiwix kwenye njia mpya. Ikiwa unaiendesha kwa systemd (sehemu ya Linux inayowasha programu), ongeza `RequiresMountsFor=/srv/maktaba` chini ya `[Unit]`, ili isianze kabla ya diski.

Usifute nakala ya zamani bado. Zima Pi, chomoa diski, washa, halafu jaribu:

```
sudo touch /srv/maktaba/jaribio
```

Ukiona `Operation not permitted`, folda limefungwa sawasawa. Zima tena, rudisha diski, washa, hakikisha vitabu vinafunguka kwenye simu ya mwanafunzi mmoja. Hapo futa `/home/pi/zim`.