Kuchagua sindano ya mgongo ili mgonjwa asiumwe kichwa

Mgonjwa aliyetolewa maji ya uti wa mgongo akiumwa kichwa kila anapoketi, na kupata nafuu akilala, kwa kawaida chanzo ni tundu lililobaki kwenye utando unaozingira maji hayo: maji yanavuja na shinikizo linashuka. Maumivu haya huanza ndani ya siku 5, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili.

Chukua sindano ya ncha ya penseli, Whitacre au Sprotte. Huachanisha nyuzi za utando, nazo hukaribiana tena ikitoka. Quincke, sindano ya kawaida yenye ncha ya mkato, hukata. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018 ulikuta maumivu hayo kwa asilimia 4.2 ya waliochomwa za penseli, dhidi ya 11 kwa za kawaida, na maji yalipatikana vilevile.

Kwa vipimo vya maabara, geji 22 inamfaa mtu mzima. Namba ikipanda sindano huwa nyembamba: 25 au 27 ni nzuri kwa ganzi ya upasuaji, lakini maji hudondoka polepole mno.

Ncha ya penseli haipiti ngozi vizuri. Tanguliza sindano fupi ya kuongozea kati ya pingili za kiuno L3 na L4 au L4 na L5, kisha pitisha ya penseli ndani yake. Kwa mgonjwa mwembamba usiizamishe yote ile ya kuongozea, inaweza kutoboa utando yenyewe. Wengi hukwama hatua inayofuata, kwa sababu tundu la sindano liko ubavuni, nyuma kidogo ya ncha. Ukihisi utando umeachia na maji hayaji, usichomoe: sogeza mbele milimita 1, zungusha robo, subiri. Rudisha waya wa ndani kabla ya kuchomoa.

Stoo ikiwa na Quincke tu, elekeza mkato wa ncha ubavuni mwa mgonjwa; akilala kwa ubavu, mkato utazame dari.

Kumlaza saa nyingi hakuzuii kitu, tusiendelee kuwatesa watu. Akiumwa, mpe parasetamoli na kahawa. Wengi hupona ndani ya wiki 2. Maumivu yakizidi, mtaalamu wa ganzi anaweza kuziba tundu kwa mililita 15 hadi 20 za damu ya mgonjwa mwenyewe, akiichoma nje ya utando. Kichwa kikiuma hata akilala, au akiwa na homa, degedege au kuchanganyikiwa, mchunguze upya haraka: huenda ni damu kichwani au maambukizi.