Somo: Laptopu ya bei nafuu ya kazi na kuhariri picha, anza na skrini

Wengi huniuliza "i5 au i7?", yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ipi. Mimi nawaomba waanze na skrini. Prosesa ya polepole itakuchelewesha. Skrini inayodanganya rangi itakufanya umkabidhi bibi arusi albamu yenye nyuso za manjano, nawe hutajua mpaka picha zimeshachapishwa.

Nazungumzia laptopu za ofisi zilizotumika ng'ambo. Kwa bajeti ndogo, hizo ndizo zenye faida.

Hatua ya 1. Kabla hujaenda mjini, kipige picha kisutu (ile kanga yenye wekundu na weusi) mchana, kivulini. Itie kwenye flashi pamoja na picha ya uso wa mtu unayemjua vizuri. Beba na kisutu chenyewe.

Hatua ya 2. Dukani, ongeza mwangaza hadi mwisho, zima rangi ya usiku (Night light), fungua picha. Weka kisutu kando ya skrini. Wekundu ukielekea chungwa au ukipauka, achana nayo. Kisha ilaze skrini nyuma taratibu: weusi ukigeuka kijivu na uso ukibadilika rangi, hiyo ni TN, aina ya skrini inayobadilisha rangi ukiitazama kwa pembe. Unataka IPS, aina inayoshikilia rangi, ya pikseli 1920 kwa 1080 angalau.

Jina la modeli halitoshi. ThinkPad T480 ya Lenovo ya 2018 ilitoka kiwandani na skrini tofauti: TN ya 1366 kwa 768, IPS ya 1920 kwa 1080, na hata IPS ya 2560 kwa 1440. Na IPS nyingi za ofisi hazifikishi rangi zote za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Ndiyo maana naamini kisutu kuliko maneno ya muuzaji.

Hatua ya 3. Soma namba ya prosesa. i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 6 isikutie tamaa.

Hatua ya 4. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 ndiyo ya chini kabisa, 16 ndiyo raha. Uliza kama inaongezeka: T480 ina nafasi mbili, T480s, ndugu yake mwembamba, ina moja tu, RAM nyingine imechomelewa kwenye bodi. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Faili la RAW (picha ghafi) la kamera ya megapikseli 24 huwa kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo harusi ya picha 600 inakula GB 15 hadi 18.

Hatua ya 5. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows), ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki. Uliobaki ukiwa chini ya asilimia 60, toa bei ya betri mpya kwenye mapatano. Igeuze laptopu pia uangalie skrubu na matundu ya USB: kutu ni dalili ya maji au hewa yetu ya chumvi ya pwani. Mwisho ingia BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ikiomba nywila, usinunue.

Maswali ya wanachama

Swali: Asalamu aleikum mwalimu. Nina shilingi elfu 35 za Kenya. Skrini nzuri na GB 8, au skrini hafifu na GB 16?
Jibu: Wa aleikum salaam dadangu. Chukua skrini nzuri, mradi kuna nafasi ya RAM. Ukipata kazi mbili tatu utaongeza.

Swali: Na MacBook Air ya M1 iliyotumika?
Jibu: Skrini yake ni nzuri mno kwa picha, na ina kasi. Lakini RAM na diski haziongezeki maisha, kwa hiyo GB 8 itabaki GB 8. Hakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, la sivyo unaweza kununua kitu kilichofungwa.

Swali: Lightroom, programu ya kuhariri picha ya kulipia kila mwezi, siiwezi.
Jibu: Anza na darktable kwa RAW na GIMP kwa kurekebisha. Zote ni za bure.

Swali: Kaka, muuzaji amekataa flashi yangu, anaogopa virusi.
Jibu: Ana haki. Washa intaneti ya simu yako, ufungue picha zile zile kutoka kwa barua pepe yako, halafu utoke kwenye akaunti kabla hujaondoka. Akikataa na hilo, nenda duka la pili.