Traiathloni ndefu na Desemba ya Mombasa: anza na maji, kalenda baadaye

Salam wadau. Kuna wenzetu wana mashindano mwanzo wa mwaka, ile ndefu kamili ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 halafu kukimbia 42.2, na saa hizi wote wanalia Desemba itawaharibia. Wageni wa bara washaanza kuingia, nyumbani pilau kila siku, na jua la kaskazi halina huruma. Mwaka jana mimi nilifuata ratiba ya intaneti, imeandikwa ogelea Jumanne saa 4 asubuhi, nikafika Nyali bahari imeenda zake, nikabaki natembea juu ya mwani na miwani yangu ya kuogelea kichwani kama mtafuta pweza.

Hatua ya 1: maji. Chukua jedwali la kujaa na kupwa au muulize mvuvi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, huku kwetu yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi ufuo mkavu. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi wala kushuka sana, ni kinyume, saa 3 saa 4 asubuhi yapo na hayavuti sana, bas kuogelea kwako kurefu kuweke hapo. Bamvua ogelea fupi jioni. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kwa hivyo usikariri saa. Baki upande wa ufuo wa mwamba, na pale mlangoni, kwenye pengo la mwamba, usisogee maji yakitoka, hata uwe samaki. Na usiende peke yako.

Hatua ya 2: baiskeli ndefu mara moja kwa wiki. Toka saa 11 alfajiri na taa mbele na nyuma, elekea Mtwapa, Kikambala, mpaka Kilifi ukirudi ni kama kilomita 120. Saa 4 uwe umefika nyumbani, maana magari ya sikukuu ya Malindi hayamuoni mtu wa baiskeli. Alfajiri ya Mwaka Mpya lala, barabarani kuna walevi. Ukifika futa cheni uipake mafuta, chumvi ya huku inakula chuma.

Hatua ya 3: ukishuka kwenye baiskeli kimbia hapo hapo dakika 20, miguu itakuwa mizito kama si yako, ndiyo unaizoesha. Mbio ndefu siku nyingine, kando ya bahari pale Mama Ngina kabla jua halijatoka.

Hatua ya 4: kunywa na kula. Jipime uzito kabla na baada, kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Madafu ni mazuri ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, tia chumvi kidogo. Maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari, yanashusha chumvi ya damu. Kwa saa moja ya baiskeli tafuta wanga gramu 30 mpaka 60, tende ndogo 7 hivi zinakupa karibu 40. Biriani ya mama mkwe kula, mimi nilikataa mara moja na sirudii.

Ukibanwa kabisa, shika hizo tatu ndefu tu, zingine achia wageni.

MASWALI

Kaka, mimi wa Kisauni, naogopa yavuyavu. Likinichoma?
Toka majini dadangu, suuza kwa maji ya bahari, usitumie ya bomba wala kusugua mchanga. Ukiona pumzi inabana au uso unavimba, hospitali mbio.

Niko Uingereza, huku saa 10 jioni giza na baiskeli naendeshea sebuleni. Nakuja kwa mama tarehe 18, nianze na ile ya Kilifi?
La hasha! Mwili unataka siku 10 mpaka 14 kuzoea joto. Wiki ya kwanza muda wa saa moja tu, polepole, alfajiri.

Nilikuwa na harusi Lamu, siku 5 sijafanya kitu. Nizilipe vipi?
Hazilipwi. Endelea na ya leo, ukirundika zote wiki hii utaumia goti.

Na aliyeondoka na pampu yangu Jumapili anirudishie kabla ya Ijumaa, tafadhali.